Chupa za Kutikisa

Vijana wangu wa chumba namba sita, mliniomba niwaandikie namna ya kutengeneza zile chupa, ili nikishaondoka msibaki mnabahatisha. Nilikaa mezani nikiamini karatasi moja itatosha: maji, glisirini, vumbi la kung'aa, gundi, funga. Nilipofika kwenye "funga" nikakumbuka mkono wa mtoto mmoja, na hapo karatasi moja haikutosha tena. Basi someni taratibu, na msiyoyahitaji yarukeni. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilifika hospitali saa moja kasoro, nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mara mbili. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya tiba kwa vitendo, kazi ambayo mpaka leo mawifi zangu huwaambia watu ni unesi. Chumba namba sita wakati huo kilikuwa stoo ya mashuka iliyoondolewa mashuka. Ndani nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake sufuria ya maji inachemka kwenye jiko la umeme, mkononi ana msumeno na kipande cha bomba la maji la plastiki. Nikajua huyu fundi bomba. Nikamwamkia, nikamuuliza mkuu wa kitengo anafika saa ngapi. Akaniambia nisubiri.

Nikasubiri kama nusu saa, nikimtazama anavyolipasua lile bomba kwa urefu, analitumbukiza kwenye maji ya moto, analitoa likiwa limelainika kama chapati, analifuta. Kisha akasema, "Lete mkono." Akanilaza ile plastiki ya uvuguvugu kuanzia kiganjani hadi katikati ya mkono, akaikandamiza kwa vidole gumba, akaishikilia mpaka ikapoa. Ilipopoa ilikuwa banzi la kuushikilia mkono unyooke, limenikaa kama nimezaliwa nalo.

"Mkuu wa kitengo ndiye mimi," akasema. "Kitengo ni mimi na hii sufuria. Sasa na wewe."

Huyo ndiye Mzee Lyimo, mtu wa Kibosho, aliyekuwa seremala kabla hajasomea kazi hii, na aliyeendelea kuwaita wagonjwa "kazi" mpaka siku anastaafu. "Leta ile kazi ya kiwiko," angesema, na mtoto wa kiwiko angekuja anacheka, maana alijua ndiye yeye. Alinifundisha mambo mawili makubwa. La kwanza ni kukata kingo za banzi na kuzilainisha kwa moto wa mshumaa, kwa sababu mtoto akichubuka mara moja hatakuja tena. La pili ni kunyamaza. Alikuwa anaweza kukaa na mtoto saa nzima bila kumwuliza chochote. Mimi nilitokea mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba ya wanawake saba, kunyamaza sikukujua. Nilijifunza kwa shida, na mtaona mbele kwamba sikujifunza vizuri.

Watoto wetu wengi waliungua kwa uji, chai, maharage, mafuta ya kukaangia. Walitoka Kariakoo na mitaa ya jirani, kwenye nyumba za vyumba sita na familia sita, ambako majiko manne ya mkaa yanapangwa kwenye ukumbi mmoja na watoto hawana pengine pa kupita. Madaktari waliwatibu vidonda. Sisi tulishughulika na kilichofuata. Kovu la moto, nyie mnajua, lina tabia ya kuvuta. Kidonda kikishafunga, mzazi anashukuru, anadhani yamekwisha, kumbe ngozi mpya ndiyo kwanza inaanza kusinyaa, na mwezi baada ya mwezi inavikunja vidole mpaka vinalala kiganjani. Dawa yake ni kunyoosha kila siku, na kunyoosha kunauma. Kazi yangu kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa kuwaomba watoto wafanye kitu kinachouma, kwa hiari yao, kila siku. Tulikuwa na sponji za kukamua, shanga za kutunga, na mpira mmoja uliopungua upepo.

Chupa zilikuja kwa ajali. Daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao alituachia zawadi, mpira wa kioo wenye kinyumba ndani, na ukiutikisa vitu vyeupe vinapaa na kushuka polepole juu ya paa. Niliuweka dirishani. Tulikuwa na mtoto aliyeungua kwapani, mkono wake umeganda ubavuni, na kwa wiki tatu alikuwa amekataa kuuinua hata kwa pipi. Asubuhi ile aliuona ule mpira, akasimama kwa ncha za vidole, akauinua mkono mpaka dirishani huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mzee Lyimo alinitazama, sikusahau jicho lile.

Wiki haikuisha nikauvunja. Nilikuwa nafuta vumbi. Wodi nzima ililia, na mtoto mmoja aliniambia usoni kwamba mimi ni mbaya. Nilidhani Mzee Lyimo atanifariji. Alisema, "Umevunja wewe, tengeneza wewe."

Nilikwenda Kariakoo jioni ileile. Chupa zenye mdomo mpana nilizipata kwa mama anayeuza vyombo vilivyotumika karibu na Mchikichini. Glisirini, ya kuyapa maji uzito, sikuhitaji kutafuta, nyumbani kwetu ilikuwa ya kupaka miguuni. Shida ilikuwa ule weupe. Mara ya kwanza nilitumia karatasi iliyokatwakatwa, ikawa ujiuji. Mara ya pili nikaweka nazi iliyokunwa, na nikajiona nina akili sana, maana ilishuka vizuri kweli. Siku ya tatu kifuniko kilifumuka chenyewe ndani ya wodi, na harufu yake siielezi. Ndipo nikajaribu maganda ya mayai, yameoshwa, yameanikwa, yamepondwa, na hayo yakafaa. Baadaye maduka ya mapambo ya sherehe yakajaa Kariakoo, na vumbi la kung'aa likapatikana kwa kila rangi, lakini maganda ya mayai sikuyaacha. Kuyaponda ni zoezi zuri la kiganja.

Watoto waliuliza vile vyeupe ni nini. Nikawaambia theluji. Wakauliza theluji ndiyo nini. Nikawaambia ni kama ile barafu inayoota kwenye friza, ila inaanguka toka juu. Mmoja akauliza kama friza lenyewe nalo liko juu. Nikampeleka kwa Mzee Lyimo, kwa sababu kwao Kibosho mlima wenye theluji unaonekana. Akawaambia ameiona theluji tangu utoto wake, kila asubuhi anapofungua mlango, na hajawahi kuigusa hata siku moja. Hilo halikuwasaidia kitu. Wakaamua kuziita chupa za kutikisa, na jina likabaki.

Nilipokuwa nazitengeneza peke yangu nilikuwa mjinga, kwa sababu kazi yote ya mikono niliifanya mimi na wao wakabaki kutazama. Kidogo kidogo nikawaachia. Kufinyanga vitu vya ndani, vinavyobandikwa kwenye kifuniko, kwa ule udongo wa rangi wa shuleni, wa mafuta, usioyeyuka kwenye maji. Kubana vumbi kwa ncha za vidole na kulidondosha. Kufunga kifuniko kwa kuzungusha kifundo cha mkono. Kutikisa, ambako kunaamsha mkono mzima hadi begani. Na kushika chupa yenyewe, kwa sababu kiganja kinachoshika kitu cha mviringo hakiwezi kujikunja. Kila wiki niliwapa chupa nene kidogo kuliko ya wiki iliyopita. Hawakujua. Walidhani chupa zinaongezeka ukubwa kwa sababu wao wanakua.

Mkuu wa wodi, Sista Felista, alizipiga marufuku kwa miezi minne kwa sababu ya kioo, na alikuwa sahihi. Tukarudi na vikopo vya plastiki angavu vya siagi ya karanga. Pakeni gundi kwenye kifuniko kwa ndani, pande zote, halafu subirini siku moja kabla ya kukipindua kikopo. Msifanye haraka kama mimi, shuka la Sista Felista lilipata rangi ambayo haikutoka.

Sasa nifike kwa Zulfa.

Aliletwa kwetu akiwa na miaka saba. Mkono wa kulia, kiganja na vidole, mafuta ya moto na chuma cha moto kwa pamoja. Vidonda vilikuwa vimefunga vizuri na ngozi imeanza kuvuta. Mama yake, Mwajuma, alikuwa anakaanga mihogo pembeni ya mtaa mmoja wa Kariakoo, mwanamke mwembamba, mwepesi, wa maneno machache. Baba yake, Salumu, aliuza spea za pikipiki Gerezani. Kwenye kadi iliandikwa: mtoto alikuwa anacheza karibu na jiko.

Nilisoma kadi, nikamwinamia mtoto, na kwa ile sauti yetu ya kazini, ya upole wenye kidole cha kuonya ndani yake, nikamwambia, "Umeona sasa, mwanangu? Moto si wa kuchezea." Nilikuwa nimewaambia hivyo watoto wengi. Zulfa alinitazama, kisha akaukunja mkono wake, akauweka chini ya meza.

Hakuufungua tena. Si kwangu wala kwa Mzee Lyimo. Banzi alivaa, kwa sababu tulimvisha, lakini tukilivua tu mkono ulirudi kuwa ngumi. Shanga alitunga kwa mkono wa kushoto. Sponji hakuigusa. Hakulia wala hakubisha, alikaa pale kama mtu anayengoja gari. Mama yake alikuja kila siku, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, na nilipomwonyesha namna ya kumnyoosha vidole nyumbani alitazama ukutani. Nikaandika kwenye jalada kwamba mama hana ushirikiano. Hilo nalo niliandika mimi. Wiki ya tano nilipima vidole na nikaona tunashindwa. Zikipita wiki nyingine kama zile, mkono ungebaki hivyo mpaka apasuliwe, na foleni ya kupasuliwa ilikuwa ndefu.

Zulfa alipendezwa na chupa za wenzake. Hakusema, lakini macho yake yaliyafuata yale maganda yanavyoshuka. Nikamwekea mbele kifuniko, udongo wa rangi, na kikopo chembamba kuliko vyote. Safari hii, namshukuru Mungu, nilinyamaza. Alifinyanga siku tatu, kwa mkono wa kushoto, mdogo mdogo, anabomoa anarudia. Kwanza alitoka mtu mwenye kanga ya kijani. Halafu kitu cha mviringo, cheusi, juu ya kitu chekundu. Halafu mtu mdogo, na mkono wa yule mtu mdogo akauambatisha kwenye kile cha mviringo, akaukandamiza sana, mpaka ukapinda.

Nilielewa kile cha mviringo kilikuwa karai la kukaangia. Nikamwuliza, taratibu, kama hapo ndipo alipokuwa anacheza.

"Sikuwa nacheza," Zulfa akasema. "Mama alisema shika, nikashika."

Hakulisema kwa sauti ya kushitaki. Alilisema kama anayenirekebisha hesabu. Nilipoinua uso, benchi la karibu na mlango lilikuwa tupu.

Siku iliyofuata Mwajuma hakuja. Mtoto aliletwa na bibi yake. Kesho yake tena bibi. Zulfa hakugusa udongo, alikaa amegeukia mlango. Mimi nilikuwa na hasira, nisiwafiche, na katika hasira ile nikamwambia Mzee Lyimo kwamba mwanamke yule amemsingizia mtoto wake mwenyewe, na kwamba nitaandika taarifa. Alikuwa anasugua kingo za banzi. Akaniuliza siku ya kwanza mimi nilimwambia nini Zulfa. Kumbe alisikia.

"Nenda kwake," akasema. "Usiende kuhukumu. Nenda kale mihogo."

Nilikwenda mchana, baada ya zamu. Nililipata jiko lake kwenye kona, kati ya duka la mazulia na kijana anayeuza soksi, na wapagazi wanapita na mikokoteni wakiomba njia kwa kelele. Aliponiona, mkono wake ulisimama na kijiko hewani. Akaniamkia. Nikamwambia aniwekee mihogo na asinibanie pilipili, nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa. Alinihudumia kama mteja yeyote. Nilikula sahani ya kwanza, nikaomba ya pili. Wateja walipopungua akafuta mikono, akaniuliza bila kunitazama, "Nesi, umekuja kunipeleka wapi?"

"Sijaja kukupeleka popote," nikamwambia. Kwamba mimi si nesi niliacha lipite.

Alisimulia akiwa amesimama, anageuza mihogo. Pale kona ardhi imeinama kuelekea mtaroni, kwa hiyo jiko alilipandisha juu ya matofali. Siku ile watu walikuwa wengi, mikono yake imo kwenye beseni la mihogo mibichi, tofali moja likateleza na karai likaanza kuinama upande wa miguu ya wateja. Zulfa ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa amekuja kuleta chumvi.

"Nikamwambia shika. Neno moja. Hakuniuliza ashike na nini, akashika." Muhogo mmoja ukaanza kuungua, akautoa. "Watu walipojaa, mmoja akauliza mtoto alikuwa anafanya nini hapa. Mama mmoja akajibu, si wanacheza, watoto hawa. Mimi nikanyamaza. Lile neno sikulisema mimi, dada, lakini nililiacha likaenda. Likafika hospitali, likafika kwa baba yake. Kila nikimwona anaukunja ule mkono naona bado amelishika karai langu."

Ndiyo maana alikuwa anatazama ukutani. Nilimwambia na mimi langu, nilichomwambia mtoto siku ya kwanza, na nilichoandika juu yake kwenye jalada. Alinisikiliza, akaniongezea kachumbari bila kuulizwa. Kisha akasema anaogopa. Salumu alikuwa hataki hii biashara tangu mwanzo, angemwambia aiache, na kodi ya chumba wanalipa wote wawili. Lakini aliloogopa zaidi lilikuwa uso wa mumewe siku atakapojua. Sikumwahidi kwamba yataisha vizuri, maana nisingejua. Nilimwambia tu kwamba mtoto hana neno na ule moto. Alichokataa ni kuambiwa alikuwa anacheza wakati alikuwa anamtii mama yake.

Walikuja wote watatu Jumatatu. Salumu alikuwa amevaa fulana ya kazini, mikono ina grisi, ameomba ruhusa ya saa moja. Nilitaka kutoka, Mwajuma akanizuia kwa jicho. Alisimama nyuma ya kiti cha mtoto.

"Baba Zulfa, mtoto hakuwa anacheza. Mimi ndiye niliyemwambia ashike karai. Alinitii."

Salumu alimtazama mkewe. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, akamwuliza binti yake kama ni kweli. Zulfa alimtazama mama yake kwanza. Mwajuma akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mtoto akasema ndiyo.

"Na mimi kila siku nakuambia uache kucheza," Salumu akasema. Alisimama, akamwambia mkewe, "Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Najua," akasema, akatoka. Tulimsikia anatembea huko koridoni, anakwenda na kurudi. Aliporudi uso wake ulikuwa umeloa maji ya bombani, na mkononi ana pakiti ya biskuti, akaiweka mezani mbele ya wote, akakaa kwenye benchi pembeni ya Mwajuma.

Ilibaki zamu yangu. Nikamwambia, "Zulfa, siku ile nilikugombeza bure. Nisamehe."

"Haya," Zulfa akasema.

Kisha akaomba kifuniko chake. Nilidhani atang'oa lile jiko, maana vitabu vyetu vingependa aling'oe. Hakuling'oa. Aliomba udongo, akafinyanga mtu wa tatu, mrefu, akamsimamisha ukingoni kabisa. Nikamwuliza mbona baba amekaa mbali hivyo. Akaniambia yeye hapiki. Tukaweka maji, glisirini, maganda ya mayai. Nikashika kikopo ili nimfungie, akanizuia. Akautoa mkono wake wa kulia chini ya meza, akauweka juu ya kifuniko. Vidole vilifunguka kidogo tu, kama vya mtoto mchanga anapolala. Alizungusha, akauma meno, akapumzika. Mwajuma alitoka kwenye benchi, akaweka kiganja chake chini ya kikopo kukizuia kisiteleze, na kwa mara ya kwanza alitazama ule mkono waziwazi, kovu lote. Zulfa akazungusha tena. Ilichukua muda ambao mtu mzima angefunga chupa ishirini. Tulimsubiri wote wanne, pamoja na Mzee Lyimo aliyekuwa anajifanya anachemsha maji.

Baadaye nilichukua ile kadi, nikakata mstari, nikaandika juu yake: mtoto alitumwa kushika karai, akashika. Nikakata na la kwangu kuhusu mama. Kuanzia siku hiyo nikiona kadi imeandikwa "alikuwa anacheza", nauliza nani amesema. Wakati mwingine ni kweli walikuwa wanacheza. Nauliza hata hivyo, na naomba nanyi muulize.

Mkono ulifunguka, si wote. Mwajuma aliunyoosha kila jioni, na aliniambia wote wawili walikuwa wanalia, halafu wanakula. Vikopo vilinenepa kutoka kile chembamba mpaka kile cha kilo. Kidole kidogo kilikataa, mpaka leo kimeinama, na tulikubaliana naye kwamba kidole kimoja kina haki ya kukataa. Mihogo haikuachwa. Salumu alikuja na simenti akasawazisha ile kona kwa mikono yake. Niliwaona mara ya mwisho Zulfa akiwa anaanza sekondari, wamehamia Mbagala. Alipita kuniamkia, akaniandikia jina lake kwenye daftari langu la zamu kwa mkono wa kulia. Mwandiko mbaya, wa haraka, kama wa watoto wote wa siku hizi.

Mzee Lyimo alistaafu akarudi Kibosho. Alitupigia simu kila mwaka kuuliza sufuria iko wapi, mpaka mwaka ambao mwanawe ndiye aliyepiga. Nilibaki na chumba, nanyi mkaja mmoja mmoja na makoti yenu yaliyopigwa pasi. Kuna mambo ninyi mmenizidi. Mnapima kwa simu, mnanyoosha kwa vifaa ambavyo sisi tuliviona kwenye picha. Ila bado naona mnawafungia watoto vifuniko kwa sababu foleni ni ndefu. Wacheni wafunge wenyewe.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia keki, mkasema maneno mengi, nashukuru. Katikati ya hotuba ya mganga mkuu nilitoroka kurudi chumbani, maana Nuru wa kitanda cha nane alikuwa hajamaliza. Mnamjua, yule wa miaka mitano aliyeungua kwa chai, asiyependa kushikwa. Alikuwa amefinyanga kitu alichosema ni ng'ombe. Alikagua vumbi la kung'aa lote tulilonalo, kopo moja moja, hakuridhika. Akaniagiza kesho nije na la bluu. Nilitaka kumweleza kwamba kesho sitakuja, kwamba kuna kitu kinaitwa kustaafu. Nikaona amekwishaufungua mkono wake wote kwa ajili ya yule ng'ombe, wala hajui. Nikamwambia sawa, la bluu.

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza ya kustaafu niliamka alfajiri kama kawaida, nikaenda Kariakoo maduka yanapofunguliwa. Bluu zilikuwa tatu, nikachukua zote, maana nisingejua yake ni ipi. Nilipofika getini nikapita nilivyozoea kupita. Mlinzi, kijana ambaye kwa miaka sita ameniamkia kila asubuhi, alisimama, akaniamkia tena kwa heshima zote, akaniambia kwa aibu kubwa kwamba saa ya kuona wagonjwa bado.

Alikuwa sahihi. Nikaenda kukaa kwenye lile benchi refu la nje pamoja na akina mama wengine na vyombo vyao vya uji. Aliyekaa pembeni yangu, binti mdogo tu mwenye mtoto mgongoni, alisogea kunipisha, akaniuliza mgonjwa wangu yuko wodi gani. Nikamwambia ya watoto walioungua. Akasema wa kwake pia, kaletwa juzi, na hajui huko ndani watamfanya nini. Tulikuwa na saa nzima ya kungoja. Nikafungua mkoba, nikamwonyesha zile bluu tatu, nikaanza kumweleza.